Siku 12 za Ronald Wayne, miezi saba yangu

Fomu ya benki ilikuwa na kurasa mbili. Wa kwanza unajaza majina ya wenye akaunti, wa pili unaandika nani anatolewa na kwa sababu gani. Tulikaa watatu mbele ya meza moja, na ofisa akauliza bila kuinua macho, "Nani anatoka?" Nikasema mimi. Mdogo wetu, yule aliyeandika programu yenyewe, alikuwa anazungusha kifuniko cha kalamu vidoleni. Kikamponyoka, akainama kukitafuta chini ya meza, na akakaa huko muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka. Kwenye kisanduku cha sababu niliandika neno moja: binafsi. Nikasaini. Ilipofika saa nne asubuhi sikuwa tena mmoja wa wenye kampuni niliyoshiriki kuianzisha miezi saba kabla.

Kampuni hiyo ipo hadi leo na imefika mbali kuliko tulivyothubutu kuwaza. Sitaitaja jina, maana wenzangu hawana kosa kwangu, na sitaki mtu awasumbue kwa habari iliyo yangu.

Kila anayeijua historia hii huniletea Ronald Wayne. Wengine huniletea kwa utani, wengine kwa huruma. "Wewe ni kama yule mzee wa Apple." Kwa miaka kadhaa nilikuwa naikimbia habari yake. Likitajwa jina lake, mimi nabadilisha mada. Kisha mwaka mmoja nikaamua kumsoma vizuri, tangu mwanzo, nikakuta kwamba habari inayosimuliwa mitaani imekatwa kichwa na miguu. Imebaki sehemu moja tu: alikuwa na asilimia 10 ya Apple, akaiuza kwa dola 800. Watu wanacheka, wanaendelea na safari yao.

Basi ngoja niisimulie kama ninavyoielewa sasa, kwa macho ya mtu aliyewahi kushika kalamu ileile.

Aprili 1976 Steve Jobs, mmoja wa vijana wawili walioanzisha Apple pamoja na Wayne, alikuwa na miaka 21, na mwenzake Steve Wozniak 25. Wayne alikuwa na 41. Alikuwa mchoraji mkuu wa michoro ya kiufundi pale Atari, kampuni ya michezo ya video, ndiko alikofahamiana na Jobs. Vijana wale wawili walikuwa wamekwama kwenye jambo moja: Wozniak alitaka saketi alizozibuni abaki huru kuzitumia popote, na Jobs alitaka ziwe mali ya kampuni. Jobs akamwomba Wayne azungumze naye. Wakakutana nyumbani kwa Wayne, na kwa maongezi ya chini ya saa moja Wozniak akaelewa kwa nini kampuni haiwezi kusimama kama kitu chake cha msingi kinaweza kuchukuliwa na kupelekwa kwingine. Hapohapo Jobs akasema tuanzishe kampuni: wao wawili asilimia 45 kila mmoja, na Wayne 10, ili wakivutana awepo wa kuamua.

Hapo ndipo ninapojiona. Ile asilimia 10 ilikuwa bei ya utu uzima. Walihitaji mtu mwenye umri, mtu anayejua karatasi. Mkataba wa ubia wa tarehe 1 Aprili 1976 aliuandika Wayne. Aliweka humo kazi za kila mmoja, na akaweka sharti kwamba matumizi yanayozidi dola 100 yakubaliwe na angalau wabia wawili. Alichora nembo ya kwanza kwa wino: Isaac Newton ameketi chini ya mti, tofaa linaning'inia juu ya kichwa chake. Aliandaa pia mwongozo wa matumizi wa Apple I, kompyuta yao ya kwanza.

Mimi nami niliitwa hivyohivyo. Wenzangu walikuwa vijana, mmoja wa programu na mmoja wa kutafuta wateja, wana kipaji na hawana usingizi. Mimi nilikuwa nimewazidi zaidi ya miaka kumi, nimefanya kazi ya uhasibu muda mrefu, ninajua ankara inavyotakiwa kusomeka na barua ya madai inavyoandikwa. Waliniita dada tangu siku ya kwanza, na neno hilo lilikuwa na maana zaidi ya heshima. Dada ndiye atakayeuliza kama risiti ipo. Dada ndiye atakayeongea na mteja aliyekasirika. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa mauzo kwa maduka madogo: muuzaji anagusa bidhaa kwenye kishikwambi, mfumo unapunguza idadi stoo na jioni unamwambia fedha ngapi zinatakiwa ziwe kwenye droo. Niliandika mkataba wetu wa ubia, fomu za wateja na mwongozo wote wa matumizi, neno kwa neno. Niliandika hata yale maneno mafupi yanayotokea kwenye kioo pale muuzaji anapokosea. Niliyapenda hayo kuliko kazi nyingine zote. Ukimwandikia mtu aliyesimama tangu asubuhi, ana foleni mbele yake, kila neno la ziada ni mzigo unaompa.

Mwezi wa tano tangu tuanze tukapata oda kubwa.

Watu wa nje wanadhani kampuni changa hufa kwa kukosa wateja. Zinakufa hivyo, ni kweli, lakini zipo zinazokufa kwa kupata mteja mkubwa mapema mno. Mwenye maduka kadhaa alitaka mfumo wetu kwenye kaunta 40 kwa mpigo, pamoja na vishikwambi vyenyewe, na angelipa siku 60 baada ya kufungiwa. Vifaa tungevinunua sisi. Fedha hatukuwa nazo. Msambazaji wa vifaa alikubali kutukopesha, ila alitaka mdhamini mwenye mali. Kati yetu watatu mwenye mali alikuwa mmoja. Nilikuwa na nyumba ambayo mkopo wake ulikuwa umebakiza miaka minne, na nilikuwa na watoto wawili ndani yake.

Sasa rudi kwa Wayne. Siku chache baada ya ubia wao kuanza, Jobs alirudi na oda ya Paul Terrell, mwenye duka la kompyuta la Byte Shop: kompyuta 50, kila moja dola 500. Kwa vijana wawili hiyo ilikuwa dola 25,000 zilizoanguka kutoka mbinguni. Ili kuzitengeneza walihitaji vipuri vya takriban dola 15,000, na Jobs akavipata kwa mkopo wa siku 30. Wayne alikuwa amesikia kwamba duka lile lina sifa ya kuchelewesha malipo. Duka likichelewa, msambazaji wa vipuri hatasubiri. Atamfuata nani? Jobs alikuwa ameuza gari lake, Wozniak ameuza kikokotoo chake, ili tu wapate mtaji wa kuanzia. Wayne alikuwa na nyumba, gari na akaunti ya benki.

Kitu ambacho wanaosimulia habari hii wanakiruka ni sheria. Ule ulikuwa ubia wa kawaida, haukuwa kampuni yenye ukomo wa dhima. Kwenye ubia wa namna hiyo kila mbia anabeba madeni yote kwa mali yake mwenyewe, hata deni lililokopwa na mwenzake. Asilimia zake 10 zilimpa sehemu ya kumi ya faida, lakini mdai angeweza kumfuata yeye kwa deni zima. Ukilijua hilo, dola 800 zinaonekana tofauti.

Na alikuwa ameshaungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifungua biashara ya mashine za kamari, ikafa, akawalipa waliomwamini kutoka mfukoni mwake. Mtu aliyewahi kulipa deni la ndoto iliyokufa anaisoma karatasi ya mkopo kwa mwili mzima.

Mimi sikuwa nimeungua mwenyewe. Aliyeungua alikuwa baba. Nilipokuwa darasa la sita alimdhamini rafiki yake, rafiki akatoroka, na siku moja wakaja watu wawili na karatasi wakaanza kuhesabu vitu sebuleni. Hawakuwa wakali. Mmoja alinipa pole. Waliandika redio, waliandika viti, waliandika cherehani ya mama, na baba akasimama mlangoni akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Hakuna mwaka unaopita bila mimi kuiona ile kofia. Fomu ya udhamini ilipotua mezani kwangu, ndiyo niliyoiona kwanza.

Sikusema kitu. Hili ndilo ninalolijutia, na nitalieleza taratibu maana ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Nilichukua fomu nikasema nitaisoma. Nikakaa nayo wiki tatu. Wenzangu walidhani dada anachambua vipengele, na kwa kuwa waliniheshimu hawakunisukuma. Usiku nilikuwa naiweka chini ya godoro, kama vile ikiwa mbali na macho haitadai chochote. Mwishoni mwa wiki ya pili nikampigia mwanasheria ninayemfahamu. Nikamuuliza swali moja: nisiposaini, na biashara ikashindwa kulipa, nyumba yangu inaweza kuguswa? Akaniuliza tumesajili kampuni au ni ubia tu wa jina la biashara. Nikamwambia ubia. Akasema, "Basi inaweza kuguswa, usaini usisaini." Nikamshukuru, nikakata simu.

Sikumuuliza swali la pili. Lilikuwa pale, lingechukua dakika tatu: tufanyeje ili isiguswe? Angeniambia tusajili kampuni yenye ukomo wa dhima, deni liwe la kampuni, na hata msambazaji aking'ang'ania mdhamini tujadiliane awekewe kikomo cha kiasi, au oda igawanywe mafungu, au mteja atoe malipo ya awali. Mimi ni mhasibu. Mambo haya nilikuwa nayajua kwa ajili ya watu wengine. Nikikaa na mteja kama mimi nisingemwacha atoke bila kumwonyesha njia tatu au nne. Hofu ilinifanya nisikie nusu ya jibu na kusimama.

Ndiyo maana sehemu ya habari ya Wayne inayonigusa kuliko zote ni tarehe. Aliondoka tarehe 12 Aprili 1976, akaenda kuandikisha kujitoa kwake kwenye ofisi ya kaunti. Tarehe 3 Januari 1977 Apple ikasajiliwa kuwa kampuni kamili. Haikupita hata miezi tisa. Kile hasa alichokiogopa, dhima isiyo na mwisho, kikaondolewa kwa karatasi. Ule usajili ulipofanyika alilipwa dola 1,500 zaidi ili asije kudai kitu baadaye. Na ile oda ya Byte Shop? Kompyuta zikapelekwa, zikalipwa.

Simlaumu. Nimemtetea mbele ya watu wengi. Kwa alichokiona siku ile, na kwa majeraha aliyokuwa nayo, alifanya hesabu ambayo mhasibu yeyote angeitia saini. Lakini najiuliza kama katika zile siku 12 kuna jioni moja ambayo wale watatu walikaa na mkubwa akawaambia wadogo: mimi naogopa, na ninachoogopa ni hiki. Mimi sikuipata jioni hiyo kwa sababu sikuiitisha.

Nilichofanya ni kuandika barua. Ilikuwa barua nzuri, ina tarehe, ina vipengele, ina orodha ya nywila na mahali mafaili yalipo. Nikawaita, nikaisoma kwa sauti kama taarifa ya mkutano. Yule wa masoko akauliza kama kuna kitu wamenikosea. Nikasema hapana. Akauliza kama ni fedha. Nikasema hapana. Mdogo wetu hakuuliza kitu. Wiki moja baadaye tukaenda benki.

Walinirudishia mtaji niliouweka, wote, kwa awamu mbili, na hawakuchelewa hata siku. Sehemu yangu ya umiliki ikabaki kwao. Mkataba niliouandika mwenyewe ulisema sehemu za kila mmoja zinakomaa kidogo kidogo kwa miaka 4, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza hachukui kitu. Kipengele hicho ni cha kawaida kwenye kampuni za teknolojia siku hizi na ni cha haki: kinazuia mtu kukaa miezi miwili kisha akaondoka na theluthi ya kampuni ambayo wengine wataifanyia kazi miaka kumi. Nilikiweka kwa ajili ya vijana, nikihofia mmojawao angepata ajira nono akatuacha. Wayne hakuwa na kipengele hicho. Asilimia 10 zilikuwa zake tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana alikuwa na kitu cha kurudisha.

Na ile oda ya kaunta 40? Walikwenda kwa msambazaji wakaomba vifaa 20 kwanza. Wakaenda kwa mteja wakaomba theluthi ya malipo mapema. Wote wawili wakakubali. Mteja alichelewa kumalizia kwa wiki tatu, vijana wakalala njaa kidogo, kisha akalipa. Niliyasikia hayo miezi kadhaa baadaye. Ningependa kuwaambia kwamba nilifurahi papo hapo. Nilifurahi baadaye. Siku ile niliingia bafuni nikafungulia maji ili watoto wasinisikie.

Kuna mtu mwingine ambaye huwa nawasimulia wanaokuja kuniomba ushauri, kwa sababu watu wanachanganya mambo mawili. Paul Allen alianzisha Microsoft, kampuni ya programu za kompyuta, pamoja na Bill Gates mwaka 1975. Mwaka 1982 akagunduliwa saratani ya tezi za limfu, na mwaka uliofuata akaacha kazi pale. Gates alimpa bei ya dola 5 kwa kila hisa. Allen alitaka isiyopungua 10. Hawakuafikiana, Allen akaondoka na hisa zake zote. Microsoft ilipoingia soko la hisa mwaka 1986, zile hisa zilimfanya tajiri mkubwa. Kuacha kazi ni jambo moja, kuuza umiliki ni jingine. Mtu anaweza kuwa amechoka, anaumwa, au haelewani na wenzake, akahitaji kutoka ofisini, na bado hakuna sheria inayomlazimu auze. Allen aliweza kutenganisha hayo mawili kwa sababu Microsoft ilikuwa imeshasajiliwa kuwa kampuni mwaka 1981. Mwenye hisa hadaiwi deni la kampuni. Wayne alikuwa mbia, na mbia hawezi kusema nabaki na asilimia zangu ila madeni siyataki. Kwake mlango ulikuwa mmoja.

Watu hupenda kupiga hesabu ya asilimia 10 za Apple kwa thamani ya leo. Kampuni imeshapita dola trilioni 3, kwa hiyo wanasema Wayne alitupa dola bilioni 300. Hesabu hiyo si sahihi, na inamuumiza mtu bila sababu. Kila mwekezaji anapoingia, hisa mpya zinatolewa na sehemu ya waliotangulia inapungua. Jobs alianza na asilimia 45, na kampuni ilipoingia sokoni Desemba 1980 alikuwa amebaki na takriban 15. Wayne naye angepunguzwa hivyohivyo mara nyingi. Angekuwa tajiri sana, hilo halina ubishi, lakini ile namba inayozungushwa haikuwahi kuwa mkononi mwake. Yeye mwenyewe amewahi kusema kwamba kama angebaki huenda angeishia kuwa tajiri kuliko wote makaburini, kwa presha ya kufanya kazi na vijana wale. Namwamini. Nilikuwa na wangu wawili, nawajua.

Nimewahi kupiga hesabu yangu pia. Niliifanya mara moja, usiku, kwa karatasi, nikaichana, na sitaiandika hapa.

Fedha huuma kisha hupoa. Kilichokaa muda mrefu ni kufutika. Siku ile ya benki, nilipofika nyumbani, nikafungua simu nikakuta nimetolewa kwenye kundi letu la ujumbe. Hawakufanya vibaya, ndiyo ilikuwa sawa, mtu ameondoka na kundi ni la kazi. Lakini kundi hilo nililianzisha mimi. Picha yake ilikuwa picha ya mkono wangu umeshika kishikwambi cha kwanza kilichofanya kazi. Miaka miwili baadaye nikaona simulizi ya kampuni imeandikwa kwa ajili ya wawekezaji: vijana wawili, chumba kimoja, wazo moja. Ilikuwa kweli yote iliyoandikwa. Mtu wa tatu hakuwepo tu.

Nembo ya Wayne, Newton wake na mti wake, haikudumu hata mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1977 ikaja ile ya mbunifu Rob Janoff, tofaa lililong'atwa lenye rangi za upinde wa mvua, na kwa kweli kwa biashara ilikuwa bora zaidi. Wayne aliendelea na Atari kwa muda, akafanya kazi kwingine, akauza stempu na sarafu za kale, akahamia mji mdogo wa Pahrump jimboni Nevada. Nakala yake ya ule mkataba wa siku ya kwanza aliiuza miaka ya mwanzo ya 1990 kwa dola 500. Desemba 2011 karatasi hizo zikapigwa mnada New York kwa takriban dola milioni 1.6. Nimesoma kwamba kuuza ile karatasi ndiko anakokujutia. Wanaosikia hudhani ni kwa ajili ya milioni. Labda. Mimi nilipoisoma niliinuka nikaenda kabatini kuangalia kama nakala yangu ya mkataba bado ipo. Ipo, kwenye bahasha ya kaki, na doa la chai pembeni pale mdogo wetu alipoweka kikombe. Niliibadilishia bahasha, nikairudisha.

Ilimchukua mdogo wetu miaka mitatu kunitumia ujumbe wa sauti. Ulikuwa wa dakika sita, na dakika mbili za kwanza alikuwa anazunguka tu, anauliza watoto, anauliza kazi. Kisha akasema: "Dada, mimi nilidhani ulituona hatufai. Nilidhani umeshakagua hesabu ukaona hatufiki popote, ukatuonea huruma kutuambia. Kwa mwaka mzima kila tulipokwama nilikuwa nasema, dada aliliona hili." Nikausikiliza mara tatu nimesimama jikoni. Sikuwa nimefikiria kabisa kwamba ukimya wangu ulikuwa unasema kitu. Nilidhani nimeondoka kimya ili nisiwakatishe tamaa, kumbe nimewaachia hukumu ambayo sikuitoa, nao wakafanya kazi chini yake.

Nikampigia. Nikamsimulia habari ya baba na watu wawili na kofia. Alikaa kimya, akasema, "Kwa nini hukutuambia? Tungeenda kumwomba yule mtu atupe nusu." Nikamwambia najua. Akasema, "Tulienda kumwomba nusu, akakubali." Nikamwambia najua, nilisikia. Tukakaa kwenye simu wote wawili bila kusema kitu, na hakuna aliyetaka kukata.

Sasa watu wakija kwangu na habari za kuanzisha kampuni na marafiki, siwaulizi kwanza wazo ni lipi. Nawauliza ni nani kati yao ana kitu cha kupoteza. Mara nyingi wanatazamana, halafu macho yote yanamwendea mmoja, na huyo mmoja anaangalia chini. Hapo namwomba aseme anachoogopa wakiwa wote wamekaa, kwa maneno ya kawaida, kabla sijafungua karatasi yoyote. Yupo aliyesema anaogopa mke wake atagundua ameacha ajira. Yupo aliyesema ana kesi ya zamani. Likishasemwa, karatasi za kulifungia zinapatikana, na hiyo ni kazi ninayoiweza: kusajili, kuweka kikomo cha udhamini, kuandika namna mtu atakavyotoka na atakachoondoka nacho. Nimewaandikia kumi na wawili hadi sasa. Watatu wameshaachana na wenzao, na wawili kati ya hao bado wanasalimiana.

Mwezi uliopita niliingia duka moja kununua betri za saa. Kaunta ilikuwa na kishikwambi, na nilikitambua kabla sijafika, kwa rangi. Mfumo umebadilika sana, una picha, una mambo ambayo sisi hatukuwahi kuyawaza. Ilikuwa karibu na muda wa kufunga. Muuzaji, binti mdogo, alinirudishia chenji, akaanza kuhesabu fedha za droo, na kwenye kioo pakatokea maneno kwa herufi kubwa: Hesabu mara mbili, funga mara moja.

Niliyaandika hayo usiku mmoja wa mwezi wetu wa tatu, baada ya kufuta matoleo matano marefu zaidi. Wamebadilisha kila kitu, hayo wameyaacha.

Binti akahesabu. Akafika mwisho, akanyanyua macho kwenye kioo, akaanza upya toka noti ya kwanza, midomo ikicheza. Nilisimama pale na betri zangu hadi alipomaliza mara ya pili na kusukuma droo.